Usingizi wa Dereva: Kiyoyozi cha Paani na Hesabu Zake

Msomaji, katika msimu wa pamba, mtu apitaye njia ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi, au ile ya kutoka Bariadi kupitia Maswa kwenda Shinyanga, hakosi kuyaona malori yaliyopangana mbele ya viwanda vya kuchambulia pamba. Mengine yamebeba pamba mbegu iliyokusanywa katika vyama vya msingi vya vijijini, upande wa Binza na kwingineko katika Mkoa wa Simiyu. Mengine yanangoja marobota ya pamba nyuzi yapelekwe Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Macho yetu aghalabu huvutwa na shehena. Ni mara chache tunapojiuliza kama yule mtu aliyejikunja nyuma ya usukani, juu ya kitanda chembamba cha kabini, amepata usingizi.

Swali hilo si la dereva peke yake. Ni la mke anayengoja simu kutoka Singida, ni la watoto ambao karo yao inatoka katika posho ya safari, na ni la abiria wa basi litakalopishana na lori hilo saa 9 za usiku. Ndiyo maana leo ukurasa huu wa familia unazungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa gereji: kufunga kiyoyozi juu ya paa la kabini ya lori, kile kinachotumia betri na kufanya kazi injini ikiwa imezimwa. Vifaa hivyo sasa vinauzwa, na wako madereva wanaotamani kuvifunga kwa mikono yao wenyewe. Je, yawezekana? Yawezekana. Lakini kazi hiyo ina sehemu ambazo mtu mwangalifu anaweza kuzifanya, ina sehemu moja ambayo hapaswi kuigusa, na kabla ya zote ina hesabu ambayo asipoifanya atapoteza fedha zake bure.

JOTO LA MCHANA

Huenda mtu wa Simiyu akashangaa: kiyoyozi cha nini, wakati usiku wa Juni na Julai huku kwetu watu hujifunika mablanketi? Ni kweli. Nchi hii iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi una ubaridi wake. Lakini dereva wa lori hana usiku kama wetu. Mara nyingi huendesha usiku na kufika kiwandani asubuhi, akaambiwa angoje zamu. Usingizi wake unaanza jua linapopanda. Kisha, baada ya siku mbili au tatu, dereva huyo huyo atakuwa Dar es Salaam, ambako hata usiku hewa ni nzito kwa unyevu, na kioo kikifunguliwa huingia mbu, na pengine mkono wa mwizi.

Mzee aliyewahi kulala katika nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi anaifahamu tofauti. Nyasi zimeshika hewa ndani yake, na hewa hiyo huzuia joto la jua lisishuke upesi. Nyumba ya bati isiyo na dari hupitisha joto hilo bila huruma. Sasa kabini ya lori ni nyumba ya bati yenye vioo vikubwa pande tatu. Mwanga wa jua hupenya kioo, ukapasha moto viti na dashibodi, na joto litokalo humo halipati njia ya kurudi nje. Vipimo vilivyofanywa kwa magari madogo yaliyofungwa vioo juani vimeonyesha kwamba katika muda wa saa 1 joto la ndani huweza kuzidi la nje kwa nyuzi 20 za Selsiasi na zaidi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza.

Mwili wa binadamu, ili ushikwe na usingizi mzito, hauna budi kushusha joto lake kidogo. Katika joto kama hilo hauwezi. Mtu hugeuka huku na huku, jasho likamtoka, akaamka amechoka kuliko alipolala. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliokeshwa bila kulala. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hutenda kazi za macho na mikono kwa uzito ule ule wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu; na akifikisha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Dereva huyo hakunywa hata tone, wala kipimo cha askari wa barabarani hakitamkamata. Lakini breki anaikanyaga kwa kuchelewa.

KWA NINI PAANI?

Utasema, mbona malori mengi ya siku hizi yana kiyoyozi cha dashibodi? Yanacho, lakini kompresa yake huzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikizimwa, nacho kimekufa. Anayetaka baridi akiwa amelala hana budi kuiacha injini ikinguruma. Injini kubwa ya dizeli isiyotembea huteketeza lita 2 hadi 3 kwa saa, pengine zaidi. Tuchukue lita 2 na nusu: mapumziko ya saa 8 yanakula lita 20. Dereva apumzikaye hivyo mara 8 kwa mwezi ameteketeza lita 160 bila kusogea hata hatua moja. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, nawe utapata jibu lako. Juu ya hayo kuna moshi. Malori yakipangana karibu karibu, moshi wa moja huweza kuingia katika kabini ya jingine, na ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini.

Fikra ya kupoza lori si ngeni. Mmarekani mweusi Frederick McKinley Jones, aliyezaliwa mwaka 1893, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mashine za kupozea shehena barabarani. Mashine yake ya mwaka 1938 ilifungwa chini ya gari, ikashindwa kwa matope na mitikisiko. Ndipo alipotafuta mahali pa juu zaidi pa kuiweka. Mwaka 1949 alipewa hataza ya kifaa cha kupozea magari. Kwa hiyo nyama na mboga zilisafiri katika ubaridi miaka mingi kabla ya mtu aliyezibeba kupata hata feni. Lakini somo la Jones lingali na manufaa kwetu: barabara ndiyo adui wa kwanza wa mashine. Chochote unachokifunga juu ya lori la Simiyu kitatikiswa, kitapigwa vumbi na kitanyeshewa, na hapana budi kifungwe kwa kuyazingatia hayo matatu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kazi hii ni la betri, na ndipo watu wengi wanapokwama.

Lori kubwa hutumia umeme wa volti 24, unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Tuseme kila betri ina ampea-saa 200. Wengi hujumlisha wakasema wana ampea-saa 400. Sivyo. Betri zikifungwa mfululizo hujumlishwa volti. Ampea-saa hubaki 200 zile zile. Tena betri ya kawaida ya risasi na asidi haipendi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara utaiua mapema. Basi ulicho nacho kwa matumizi ni ampea-saa 100.

Sasa tazama kibandiko cha kiyoyozi unachotaka kununua. Tuseme kinavuta ampea 25. Gawa 100 kwa 25: utapata saa 4. Kikiwa cha aina ambayo kompresa hupunguza mwendo chumba kikishapoa, na wastani wake ukashuka hadi ampea 15, utapata saa 6 na dakika 40. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli, hata muuzaji aseme nini. Nayo ni ya betri mpya. Betri iliyokwisha tumika miaka kadhaa haitakupa yote hayo.

Jambo jingine ni kwamba betri hizo hizo ndizo zinazowasha injini. Dereva aliyelala vizuri halafu lori likakataa kuwaka hajafaidika. Vifaa vingi vina kikomo cha volti ambacho kikifikiwa kifaa hujizima. Kipandishe, usikiache kwenye volti 21 au 22, bali kwenye 23 hivi, ili pabaki nguvu ya kuwashia. Lililo bora zaidi ni kuwa na jozi ya pili ya betri kwa ajili ya kiyoyozi peke yake, yenye swichi ya kuitenga na jozi ya injini lori linapozimwa. Lakini betri 2 za ukubwa huo zina uzito wa zaidi ya kilo 100, na kiyoyozi chenyewe kina kilo 30 hivi. Uzito huo utahesabiwa pamoja na shehena pale Vigwaza na katika mizani nyingine zote, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, pamoja na vikomo vya kila ekseli.

Betri za lithiamu ni nyepesi na hukubali kutumika zaidi ya nusu, lakini zina bei yake, na zinahitaji chaja maalumu kati yake na altaneta. Usizichanganye na za risasi katika mfululizo mmoja.

PAA NI LA NANI?

Kabla hujashika drili, jiulize swali hili. Madereva wengi hawaendeshi mali yao. Lori ni la tajiri. Kutoboa paa la mtu bila ridhaa yake ni kutafuta ugomvi, hata ukiwa na nia njema. Isitoshe, hesabu tulizofanya zinaonyesha kwamba faida inagawanyika. Usingizi ni wa dereva, lakini dizeli iliyookolewa ni ya mwenye lori. Si haki basi dereva ajinyime posho ya watoto wake kununua kifaa ambacho kitamwekea akiba mtu mwingine, halafu siku akihamishiwa lori jingine akiache.

Shauri letu ni hili. Dereva na mwenzake wa nyumbani wakae waandike katika karatasi: lita ngapi zinateketea kwa mwezi lori likiwa limesimama, kifaa na betri ni kiasi gani, na kwa miezi mingapi gharama itarudi. Karatasi hiyo ipelekwe kwa tajiri kabla ya kazi yoyote. Yako mambo mengi ambayo mwajiri huyakataa yakiombwa kwa mdomo, akayakubali akiyaona kwa tarakimu. Mkikubaliana, andikeni pia kifaa ni cha nani.

TUNDU

Vifaa vya paani viko vya namna mbili. Cha kwanza ni cha kipande kimoja, ambacho kompresa, feni na gesi yake yote vimo ndani ya sanduku lililofungwa kiwandani. Cha pili ni cha vipande viwili vinavyounganishwa kwa mabomba. Anayetaka kufunga mwenyewe achague cha kipande kimoja, kwa sababu tutakayoieleza.

Malori mengi yana tundu la paa lenye mfuniko. Tumia tundu hilo. Usitoboe jipya ikiwa si lazima. Paa lina mihimili iliyofichwa na kitambaa cha ndani, na kukata mhimili ni kudhoofisha kabini nzima siku lori likipinduka. Pima tundu urefu na upana, kisha ndipo uende dukani. Fahamu pia kwamba katika baadhi ya malori tundu hilo limewekwa kuwa njia ya kutokea wakati wa ajali. Ukiliziba, hakikisha milango yote miwili inafunguka kwa ndani bila shida, na weka nyundo ya kuvunjia kioo mahali mkono unapofika ukiwa kitandani.

Egesha lori mahali tambarare. Zima swichi kuu, na uondoe waya wa hasi wa betri kabla ya waya mwingine wowote. Ondoa mfuniko, kwangua gundi ya zamani hadi rangi ionekane safi, na panapoonekana kutu piga msasa na rangi ya kuzuia kutu. Usiwe na haraka na hatua hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika paa la lori ufa mdogo wa kutu huwa mlango wa mvua ya masika.

Kifaa kipandishwe na watu wawili au watatu juu ya jukwaa imara, si dereva na utingo wake wakining'inia kwenye ngazi. Mpira wa kuzuia maji ukae sawasawa kuzunguka tundu. Kwa ndani, bolti ndefu hukamata fremu na kulibana paa katikati. Zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, upande huu kisha wa pili, kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, mwingine utainuka. Ikiwa paa ni la faiba badala ya bati, weka kipande cha bamba la chuma chini ya kila bolti ili uzito utawanyike, la sivyo mitikisiko ya njia za vumbi itapasua faiba hiyo.

Halafu pima kimo kipya cha lori, kutoka ardhini hadi ncha ya kifaa, ukiandike kwenye kikaratasi na kukibandika mbele ya macho ya dereva. Malango ya viwanda na mapaa ya vituo vya mafuta hayajui kwamba jana umeongeza sentimeta 20.

NYAYA

Hatari kubwa ya moto katika kazi hii haimo katika kiyoyozi, bali katika waya mwembamba. Chukua mfano huu. Kutoka betri hadi paani ni mita 6. Kwenda na kurudi ni mita 12 za shaba. Kifaa kikivuta ampea 40, waya wa milimeta 4 za mraba utapoteza volti 2 njiani. Volti hizo hazikupotea hewani. Zimegeuka joto la wati 80 ndani ya waya uliopita nyuma ya kitambaa na godoro. Waya wa milimeta 16 za mraba hupoteza nusu volti tu. Tofauti ya bei kati ya nyaya hizo haifikii thamani ya kabini iliyoungua.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si karibu na kiyoyozi, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote. Ukubwa wake ufuate maelekezo ya mtengenezaji. Nyaya zote mbili, wa chanya na wa hasi, zifike kwenye betri. Usichukue umeme wa betri moja tu kati ya zile mbili, wala usijirahisishie kazi kwa kuunga kwenye waya wa redio. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, uvishe mpira, maana bati likitikisika hukata kama kisu.

Tena kuna jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Kabini za malori mengi huinamishwa mbele fundi anapotaka kufikia injini, ilhali betri hubaki kwenye chasisi. Waya unaotoka kwenye betri kwenda paani hauna budi kupita karibu na bawaba ya kabini na kuachiwa ulegevu wa kutosha. Kabla ya kumaliza kazi, inamisha kabini mara moja, polepole, mtu akiutazama waya. Ukivutika, uongeze. Asiyefanya hivyo ataukata siku ya kwanza ya matengenezo.

MAHALI USIPOPAGUSA

Sehemu moja tu tunaikataza kabisa: njia ya gesi. Gesi ya kupozea imebanwa kwa shinikizo kubwa. Ikichomoka ghafla huunguza ngozi na macho kwa baridi, na ikijaa katika kabini iliyofungwa huisukuma nje hewa tunayoivuta. Aidha, gesi nyingi za aina hiyo huongeza joto la dunia zinapotoroka. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza matumizi yake hatua kwa hatua. Kifaa cha kipande kimoja huja na gesi yake ndani, nawe huna sababu ya kufungua nati yoyote ya mabomba. Kikiacha kupoza, au kikiwa cha vipande viwili, mwite fundi wa majokofu na viyoyozi aliyesomea kazi hiyo katika chuo cha ufundi stadi, mwenye pampu ya kunyonya hewa na geji zake. Anayekwambia atakujazia kwa kukisia, mwambie ahsante.

MAJARIBIO NA MATUNZO

Kazi ikikamilika, mwaga maji juu ya paa kwa robo saa, mwenzako akiwa ndani na tochi. Kisha washa kifaa, injini ikiwa imezimwa, weka mita ya volti kwenye betri na uandike kila nusu saa. Fanya jaribio hilo nyumbani mchana, wala si njiani usiku. Ndipo utakapoijua hesabu ya betri zako mwenyewe. Baada ya siku chache za safari, panda tena ukaze bolti.

Katika mkoa wetu kuna adui wa ziada, naye ni pamba yenyewe. Nyuzinyuzi zinazopeperuka viwandani hunasa kwenye mapezi membamba ya kondensa, zikashikana na vumbi hadi zikawa kama blanketi. Kifaa kilichovikwa blanketi hilo huvuta umeme mwingi na kupoza kidogo. Katika msimu wa pamba, safisha kila wiki kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu. Bomba la shinikizo la kuoshea malori litayakunja mapezi hayo. Kichujio cha ndani nacho kioshwe na kukaushwa. Tena, kiyoyozi cha namna hii huzungusha hewa ile ile; acha upenyo mdogo wa hewa safi, na kamwe jiko la mkaa lisiingie kabini.

KWA ASIYE NA UWEZO BADO

Msomaji, kuna familia ambazo zimeisoma hesabu hii na kuona kwamba haiwezekani mwaka huu. Zisikate tamaa. Rangi nyeupe juu ya paa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Pazia zito lenye karatasi ya kung'aa upande wa nje, likiwekwa kwenye kioo cha mbele, hupunguza joto linaloingia. Wavu wa mbu wa kuvalishwa mlangoni, ambao mshonaji yeyote anaweza kuushona, humwezesha dereva kushusha kioo. Na feni ndogo ya volti 24 huvuta ampea 1 hivi: kwa saa 8 imekula ampea-saa 8 tu, mzigo mwepesi kwa betri nzima. Mambo hayo yafanywe hata na mwenye kiyoyozi, kwani joto linalozuiwa nje ni umeme uliookolewa ndani.

Nawe uliye nyumbani unao wajibu wako. Simu inayopigwa kila saa kumuuliza dereva amefika wapi humwamsha aliyejilaza kwa taabu. Patanani saa ya kupigiana, na saa ya kumwacha alale. Tajiri naye, anapoona lori limesimama kivulini saa 8 za mchana, asidhani kwamba fedha yake imelala. Anayelala pale atahitaji macho yake usiku ule katika mteremko wa Sekenke, akiwa na tani nyingi za pamba nyuma yake, na basi la watu likija mbele.